Vidonge vya Eda

Mgeni binti Selemani ana vidole vyeusi mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na weusi huo hautoki kwa sabuni wala kwa limau. Ni mafuta ya ganda la korosho, ameyashika tangu usichana wake. Anapaka viganja majivu, anaikalisha korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, anaigonga mara moja kwa kirungu chake kifupi cha mpingo, na ganda linafunguka huku kokwa ikitoka nzima. Sisi wengine tunapiga mpaka tunavunja. Yeye anagonga kama anayebisha hodi kwa mtu anayemheshimu. Wanunuzi wanaotoka Mtwara mjini huulizia korosho za Mgeni kwa jina, na wakiambiwa hayupo, wengine huondoka bila kununua.

Mimi ni jirani yake. Nilikuja Mikindani kutoka Songea nikiwa mwalimu kijana, nikapangiwa shule, nikazaa hapa, nikastaafu hapa, na nyumba niliyojenga inatazamana na ua wake. Wananiita Mwalimu Rozalia. Wasionipenda wananiita Mwalimu Mdomo, na haidhuru, maana mdomo ninao. Mimi nasali kanisani na wao wanasali msikitini, lakini Pasaka na Idi tumekula pamoja miaka mingi. Kwa hiyo nikiwasema watu wa nyumba ile, nawasema kama mtu wa nyumba ile.

Mumewe Mgeni alikuwa Abdulmalik, fundi redio. Alikuwa na kibanda karibu na soko, kimejaa redio zilizofumuliwa matumbo, na kila jioni alirudi na moja ya kuijaribu nyumbani, ikawa inaongea mpaka wanasinzia. Alikufa mchana mmoja akiwa ameshika kile chuma cha kulehemu mkononi. Presha, walisema. Hakuwa ameugua hata siku moja. Waliomleta walimlaza barazani kabla Mgeni hajanawa majivu.

Mgeni hakulia. Hilo ndilo lililotutisha. Alikaa ametoa macho ukutani, usiku hakulala, mchana hakulala, akipewa uji anaushika mpaka unapoa. Siku tanga la msiba lilipoanuliwa aliitwa daktari wa zahanati, mtu mzima mwenye busara zake, akampima, akaacha vidonge vichache vya njano. Diazepamu. Akasema mbele yangu na mbele ya wifi yake, Aisha, kwamba ni vya siku tatu tu, avimeze usiku apate kulala, kisha basi. Mgeni alimeza, akalala. Nilimshukuru Mungu, na sioni haya kusema hivyo mpaka leo. Mtu asiyelala kabisa anaharibika, na dawa ile ilikuwa ya wakati ule.

Baada ya hapo akaingia eda. Kwa wasioijua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na huku pwani humwita kizuka mpaka atakapomaliza. Aliyemkalisha ni Aisha, dada yake Abdulmalik, tumbo moja, wawili tu kwa mama yao. Aisha aliachwa na mume zamani na akarudi kuishi kwa kaka yake. Ni yeye aliyempikia Mgeni, akamchotea maji, akapokea wageni mlangoni. Wageni nao walimpita. Walimshika mkono harakaharaka huku macho yao yako chumbani, wakaingia kwa mjane kutoa pole. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikulitilia maanani, maana na mimi nilikuwa nampita hivyohivyo.

Sasa nieleze jambo ambalo wakati ule sikulijua. Siku tatu zilipokwisha, Mgeni alikosa tena usingizi. Aisha akachukua karatasi tupu ya vidonge, akaenda kwenye duka moja la dawa, akaionyesha tu. Muuzaji hakudai cheti cha daktari, hakuuliza mgonjwa ni nani wala anameza tangu lini. Alifungua droo akatoa. Safari ya pili akatoa, na nyingine zote zilizofuata akatoa, kama anayeuza pipi. Hasira yangu kwa duka lile haijaisha, na sidhani kama nataka iishe. Kidonge kimoja cha usiku kikaacha kufanya kazi, vikawa viwili. Baadaye Mgeni akawa anatetemeka asubuhi, Aisha akampa kingine asubuhi, na kingine mchana.

Utauliza, watu wa nyumba nzima walikuwa wapi? Tulikuwepo. Tulikuwa tunaingia na kutoka kila siku. Lakini kizuka tunamtarajia aweje? Ainamishe kichwa, aongee kidogo, asicheke, asiulize habari za mjini. Mgeni alifanya hayo yote. Ukimwambia neno alilichelewa, ukirudi kesho amelisahau. Akiinuka alishika ukuta. Tukakuita kuzubaa kule heshima. Wanawake walitoka chumbani wakisifu, "Amemkalia mumewe eda hasa, ametulia." Angekuwa anakwenda sokoni na kubangua korosho zake, mtu mmoja angeshtuka tangu mwezi wa kwanza. Ndani ya eda, dawa ilijificha mahali ambapo kila mtu alikuwa anatazama.

Siku moja nilimwambia Aisha, "Wifi yako hayuko sawa. Ebu twende naye hospitali."

"Kizuka hatoki, Mwalimu."

"Sheikh mwenyewe alisema mgonjwa anatoka."

"Anaumwa nini? Si analala." Akafunga mlango, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Siku hizo Aisha alikuwa na alama ya kujigonga kwenye paji la uso. Alisema aliteleza bafuni.

Siku ya kutoka eda ilifika. Mgeni aliogeshwa, akafukizwa udi, akavishwa kanga mpya, vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia uani. Katika nyumba yao kuna desturi kwamba vitu vya eda havilali tena chumbani. Mkeka, kikombe, kitana, kanga za msiba, vyote hutolewa siku hiyohiyo na kuwa mali ya yule aliyemtunza kizuka. Aisha akavikusanya vyote. Na vidonge vilikuwa vimo, ndani ya kikombe. Mgeni akanyoosha mkono kuvizuia, Aisha akamwambia kwa upole, "Eda imekwisha, wifi, na dawa ya eda imekwisha." Mgeni akaona haya. Mjane ameshaachiwa huru, watu wanamshangilia, atasemaje kwamba bado anataka kidonge? Akanyamaza.

Mwili wake haukunyamaza. Siku zilizofuata alitokwa jasho akiwa amekaa kivulini. Mwanga ulimuumiza, akakaa na kanga usoni. Mlio wa sufuria ulimfanya aruke. Alisema sakafu inacheza chini ya miguu yake, na usingizi ukamkimbia mbali kuliko mwanzo. Wakasema ni uchungu wa mume umerudi. Ndipo akasema arudi kazini, labda kazi itamtuliza, na wanawake wenzake wakakusanyika uani kwake kama zamani, jiwe lake wakaliweka pale pale.

Niliketi nao asubuhi ile. Mgeni alipaka majivu, akaikalisha korosho, akagonga. Ikavunjika. Akachukua nyingine, ikavunjika. Aliviangalia vidole vyake vikitetemeka kana kwamba ni vya mtu mwingine, na kwa sauti ndogo akasema, "Mwalimu, mikono yangu imekwenda wapi?" Kabla sijafungua mdomo, alikaza shingo, macho yakapinda juu, akaanguka juu ya maganda akitupa mikono na miguu, povu likamtoka.

Wengine walikimbia, wengine wakaita majini kwa majina. Nilimlaza ubavu, nikasukuma mawe mbali na kichwa chake, nikawapigia kelele waite bajaji. Njia nzima mpaka hospitali ya Mtwara mjini nilimshikilia, na Aisha alikaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Daktari aliyetupokea ni binti kijana anaitwa Faraja. Mgeni alipoanza kukakamaa tena mbele yake, aliagiza sindano, akaisukuma mshipani taratibu, na tukaona mwili ule unalegea, pumzi inarudi. Tukaanza kuulizwa. Ana kifafa? Hapana. Anakunywa pombe? Astaghafirullah, akasema Aisha. Kuna dawa yoyote anatumia, au ameacha karibuni? Nilisema nilichojua, kwamba alipewa vidonge vya siku tatu wakati wa msiba, miezi imepita. Daktari akamgeukia Aisha. Aisha alitazama sakafu na kutikisa kichwa. Wakapima malaria, hakuna. Sukari iko sawa. Maji ya uti wa mgongo nayo yalikuwa safi. Mgeni mwenyewe alizinduka hajui yuko wapi, akawa anamuulizia Abdulmalik kama amefunga kibanda.

Kesho yake mchana akaja Mzee Jumanne, baba mdogo wa marehemu. Ni mtu mwema, lakini akishaamua jambo amelishika kama chaza. Alisimama kwenye kibaraza cha wodi na kofia yake mkononi.

"Daktari, unashukuriwa. Umepima, hukuona kitu. Basi si ugonjwa wa hospitali huu. Ntu ametoka eda vibaya, marehemu hajaridhika. Tunampeleka Kilambo, kuna ntaalamu huko ng'ambo ya nto, gari tumeshapata."

"Mzee wangu, shikamoo," Faraja akasema. "Sijajua kinachomtikisa, lakini najua kitarudi. Kikirudi njiani, hapana sindano, hapana hewa, atakufieni mikononi."

"Siku yake ikifika itafika hata hapa."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimwambia mzee yule maneno ambayo mwanamke hamwambii mzee wa watu hadharani, na nesi akaja kuniomba nipunguze sauti. Mzee Jumanne aliwageukia vijana waliokuja naye, akawaambia wamuandae mgonjwa. Mgeni alikuwa kitandani, amefumba macho, vidole vyake vyeusi vinachezacheza juu ya shuka. Wakaanza kumfunga kanga.

Aisha alikuwa ameketi kwenye benchi. Aliinuka, akaushika ukuta, akasema, "Mwacheni."

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa nguvu, "Baba mdogo, mwacheni! Marehemu hana kosa, ni mimi." Akalifungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Siku zote nilidhani pale anafunga hela za ubani. Akatoa karatasi ya vidonge vya njano, akamwekea daktari kiganjani. "Usimtafutie mengine. Ni hivi."

Faraja alivitazama. "Alikuwa anameza vingapi, mama?"

"Asubuhi. Mchana. Usiku viwili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipotoka eda. Nilimnyang'anya siku ile ile, vyote. Nilisema namsafisha."

Daktari alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeona mlango. Akatueleza palepale, amesimama, mzee akiwa na kofia mkononi. Kwamba dawa hiyo ukiupa ubongo kwa siku chache inautuliza na inaondoka salama. Ukiupa kwa miezi, ubongo unajifunza kutulia kwa kuiegemea, na siku ukiivuta ghafla unaanguka kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo ngazini. Degedege lile lilikuwa kuanguka huko. Kwa hiyo atarudishiwa dawa, apunguziwe kidogokidogo, wiki kwa wiki, hata kama itachukua miezi.

"Dawa ile ile iliyonwangusha, ndiyo unanrudishia?" Mzee Jumanne akauliza.

"Ile ile, mzee. Na sindano niliyomchoma jana mkamwona ametulia, ni hiyo hiyo. Mtoto mwenye degedege tunampa hiyo hiyo, na anayesubiri upasuaji akiwa na hofu pia. Si sumu. Ila si ya kuishi nayo, na si ya kuiacha kwa siku moja."

Mzee aliivaa kofia yake, akaivua tena. Kisha akawaambia vijana warudishe gari.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Faraja alikuwa bado anaigeuza ile karatasi mkononi. Vidonge vingi vilikuwa vimetobolewa na kutolewa, na tundu la mwisho lilikuwa bado jipya. "Mama Aisha," akasema taratibu, "ulisema ulimnyang'anya vyote. Hivi vilivyotoka hapa vimekwenda wapi?"

Aisha alikaa chini kwenye benchi. Nikaliangalia lile kovu la paji la uso, nikaanza kuelewa kabla hajasema.

"Hivyo ni vyangu."

"Tangu lini?"

"Tangu vile vya kwanza. Alikuwa akimeza kimoja, nameza kimoja." Akajifuta midomo kwa kanga. "Daktari, yule alikuwa mume wake, sawa. Alikuwa kaka yangu. Nilimbeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Mgeni aliwekewa chumba, akawekewa siku, akaja kutolewa na vigelegele. Mimi nilichemsha maji. Hakuna aliyenihesabia siku hata moja."

Nilikuwa nimefundisha watoto miaka yote hiyo, nina mdomo ambao Mikindani nzima inaujua, na neno moja la pole sikuwa nalo tayari. Nilimshika tu mkono. Ulikuwa wa baridi na unatetemeka vilevile kama wa Mgeni. Daktari akaenda kuleta kadi nyingine, akaanza kuandika jina la Aisha.

Wote wawili walirudi nyumbani na mpango mmoja. Vidonge hawakupewa vingi, walipewa vya wiki, vikichukuliwa zahanati kwa daktari yule wa kwanza, ambaye alisikitika sana kusikia siku tatu zake zilivyorefushwa. Waliambiwa wasichanganye na dawa kali za maumivu wala za kikohozi bila kuuliza, maana pumzi inaweza kusinzia pamoja na mtu. Aisha, kwa umri wake, aliambiwa asiende bafuni gizani peke yake. Kila punguzo lilikuwa na siku zake mbaya. Siku nyingine walikaa uani wawili bila kusemezana, kila mmoja amejifunika kichwa kwa mwanga, na mimi nikawapikia uji, nikawafokea wakiukataa.

Ikafika kukata vidonge nusu, halafu robo. Kazi hiyo nilijipa mimi, kwa wembe, na nikawa nasaga zaidi kuliko kukata. Asubuhi moja Mgeni alikuwa ananitazama.

"Mwalimu, unavunja."

"Basi kata wewe unayejua."

Akanyoosha mkono, akachukua kile kisu chembamba wanachomenyea ngozi ya ndani ya korosho. Akakiweka kidonge juu ya jiwe lake. Vidole vilitetemeka, akasubiri. Alisubiri mpaka nikadhani amesahau tena. Kisha akabonyeza, na kikatoka vipande viwili sawasawa, hakuna unga. Nililia mbele yao bila aibu. Kuanzia hapo alikata yeye, chake na cha wifi yake.

Mgeni alimaliza kwanza. Korosho zake zikaanza kutoka nzima, si zote, nyingi. Aisha alichelewa, kwa sababu daktari alimpunguzia polepole zaidi, mwishowe ikafika robo ya mwisho, na siku za robo hiyo zikapita, akawa hana cha kumeza tena.

Siku hiyo Mgeni hakukaanga korosho. Alfajiri alichemsha maji, akamwita Aisha bafuni, akamwogesha kwa mikono yake mwenyewe. Akamfukiza udi. Akamvisha kanga mpya aliyoinunua kimya kimya, kisha akaingia chumbani kwa Aisha, akautoa nje ule mkeka wa eda aliokuwa akiulalia, akakitoa na kikombe. Akaileta redio ya mwisho aliyoitengeneza Abdulmalik, ambayo tangu msiba haikuwahi kufunguliwa, akaiweka dirishani, akaiwasha.

Mzee Jumanne alipita akielekea msikitini, akasimama mlangoni. Akauliza huyu naye anatoka eda ya nani.

"Ya kaka yake," Mgeni akasema.

Dini haina eda ya kaka, hilo nalijua hata mimi, na mzee alilijua zaidi yangu. Lakini akaingia, akampita Mgeni, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa ameketi Aisha, akampa mkono wa pole kwa mikono miwili.

Ndipo Aisha akalia. Alilia kwa sauti, amekaa kizingitini na kanga yake mpya, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hatukuwahi kulisikia. Alilia mpaka jua likapanda. Hakuna aliyemwambia nyamaza, na hakuna aliyekwenda kumtafutia dawa.